Kipofu wa Kinorwei

Mmenifanyia karamu ya kuniaga, mkanipa na saa ya ukutani, ili mtu alostaafu apate kuona vizuri namna asivyokuwa na pa kwenda. Ahsanteni. Mkurugenzi kasoma vyeo vyangu vyote mpaka nikadhani anamsema mtu mwengine. Vyeo hivyo vimo kwenye faili, na afisi yetu ya Al Khuwair haijapata kulalamikiwa kwa upungufu wa mafaili. Mimi hapa nakuandikieni nyinyi vijana wa idara ya tarjama jambo ambalo faili halikuliandika, nalo ni namna nilivyoingia katika kazi hii. Niliingia kwa njia ya taka.

Nyinyi mmesomea. Mna shahada, mna makamusi manene, mna na kiyoyozi kinachokutetemesheni mwezi wa sita. Mimi lugha yangu ya kwanza ya kazi niliisomea jikoni mwa meli, nikimenya mbatata. Mwaka 1964, baada ya yale mambo ya Unguja ambayo kila mmoja wenu kayasikia kwa bibi yake mpaka kachoka, nilijikuta Mombasa sina skuli wala nyumba, na suruali nilokuwa nayo ndiyo nilokuwa nimeivaa. Meli ya mizigo ya Wanorwei ilikuwa inatafuta mtu wa jikoni. Nikawaambia najua kupika. Wakanipa kisu na gunia la mbatata, kwa hiyo nadhani hawakuniamini.

Mpishi alikuwa pande la mtu, mwekundu, jina lake Olav, mzaliwa wa mji wa Bergen. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa lugha, na sijapata kuona mwengine mkali kama yeye. Habari za vitenzi na nyakati hakuwa na subira nazo. Yeye alisomesha kwa kutupa. Kila alichokitupa alikitaja jina, na mimi lazima nilirejee kabla kitu hakijafika majini. Maganda ya mbatata na vichwa vya samaki, boss. Sufuria ilotoboka, skrot. Vipande vya chuma, skrap. Meli ilopanda mwamba ikaachwa ioze, vrak. Mende na jamaa zake wote, utøy. Nilipomaliza mwaka melini nilikuwa sijui kumuamkia mtu kwa Kinorwei, lakini hakuna kitu kisichotakiwa duniani ambacho nisingeweza kukitaja jina.

Jambo moja nyinyi wataalamu litizameni. Mnorwei akikichukia kitu hukibandika "u" mbele. Gress ni majani, ugress ni magugu. Vær ni hali ya hewa, uvær ni dhoruba. Menneske ni mtu, na ukisema umenneske umeshamtoa katika watu. Nikamwambia Olav kwamba sie kwetu tuna "u" hiyo hiyo, ila mtu ukimtia "u" unapata utu. Olav akafikiri kidogo, akasema basi mmeibandika mahali si pake, akanirejesha kwenye mbatata.

Meli ilipotia nanga Muttrah, bandari ya Muscat, nikashuka. Msiifananishe Muscat ile na hii yenu. Hapo mnapokaa Mabela, kila nyumba na bustani yake, zama zile palikuwa pana changarawe na mbuzi, na mbuzi wenyewe walikuwa wanapita tu. Sie tulotoka Unguja na asili zetu za huku tulidhani tutapokelewa kwa ngoma. Tulipokelewa kwa maswali. Nani baba yako, nani babu yako, umekuja kufanya nini, utarudi lini. Kuingia kulitaka rukhsa, na rukhsa ilitaka mtu wa kukusemea. Mimi nilikuwa na ami yangu mwenye jina zuri mjini, akanisemea, nikapita. Wengi hawakuwa na ami. Hao walirejeshwa melini, wakaenda kuwa wageni wa nchi nyengine.

Nikapata kazi ya ukarani kwa wakala mmoja wa meli, Mwingereza, Mista Harding. Gati halikuwepo. Meli zilisimama nje, mizigo ikashushwa kwa matishari, mashua bapa za mizigo, na karani alikuwa na kazi ya kukaa juani akiandika kilichoshuka na kilichoanguka majini. Mista Harding alikuwa mtu mwema aliyependa sana kualikwa. Bahati mbaya hakukuwa na wa kumualika.

Sasa wiki yangu ya mwanzo ikaja meli ya Kinorwei, imebeba saruji. Ofisa wake wa kwanza akaleta ujumbe kwa Kiingereza cha kuungaunga: tafadhali leteni mashua kwa ajili ya boss. Mista Harding akausoma, uso ukamchanua. Boss pale alikuwa yeye. Akaenda nyumbani akavaa suti nyeupe, tai, na viatu vilivyokaa sandukuni tangu afike nchini, akanichukua na mimi nimbebee mwavuli. Tukapanda ngazi ya meli, yeye mbele. Ofisa yule alikuwa anatusubiri, mkono mmoja kaziba pua, na mwengine anatuonesha magunia ya maganda, mifupa na mayai yalooza. "Boss," akasema. Mista Harding akampa mkono. "Ndiye mimi," akajibu.

Wallahi nilijitahidi. Nilitizama bahari, nilitizama milima, nikauma mwavuli. Khalafu nikamueleza taratibu kwamba Bergen, mji wa ofisa yule na wa Olav wangu, taka huitwa boss, na kwamba aloalikwa ni magunia. Tukarudi ufukweni, mashua imejaa, Mista Harding kakaa kati ya wenzake. Kesho yake akaniita akanambia niandike orodha ya maneno yote ya Kiingereza ya vitu visivyotakiwa, na mbele yake tafsiri ya Kinorwei, ibandikwe ukutani, asije mtu mwengine akavaa suti. Hivyo ndivyo nilivyopandishwa kutoka karani wa matishari hadi mfasiri.

Orodha ile ilipendwa na mtu mmoja tu, Sheikh Hamed wa forodha. Lazima mumjue Sheikh Hamed. Ujanani alikwenda Pemba misimu ya karafuu, akarudi na Kiswahili cha sokoni, cha kununulia na kuuzia, akisikia vizuri kuliko anavyosema. Alikuwa mtu wa haki mpaka inachosha. Aliwahi kumrejesha melini mpwa wake mwenyewe wa damu kwa sababu rukhsa yake imekosa mhuri, khalafu akaenda nyumbani akalia. Yeye shida yake na taka ilikuwa ya ushuru. Kinachotupwa hakina ushuru, kinachouzwa kina ushuru, na manahodha wote duniani wakifika Muttrah walikuwa wanatupa. Basi akija akisimama mbele ya orodha, kidole juu ya neno. "Hii junk na hii scrap, farki yake nini?" Nikamwambia scrap ni kile ambacho mtu wa pili atakitaka, na junk ni kile ambacho mtu wa kwanza hajakubali bado kwamba hakitaki. Akaondoka akitikisa kichwa, akatoza ushuru vyote viwili.

Na haki yake, maana Muttrah hakukuwa na taka. Pipa tupu la mafuta likigusa mchanga limeshakuwa hodhi la maji. Makasha ya mbao yanakuwa milango. Niliiongeza orodha safu ya Kiswahili, nikatia chicha, makapi, wishwa, makombo, kifusi, vikorokoro, ili Waingereza wajue kwamba sie kila kilichobaki tumekipa jina lake na kazi yake, chicha kwa kuku, wishwa kwa ng'ombe. Mista Harding akaikata safu ile, akasema inachukua nafasi. Mji mzima kitu kisichotakiwa kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa sie watu wa Unguja, na hicho hakikuwemo katika orodha.

Ndipo akaja Masoud.

Ilikuwa mwaka 1966. Meli ya Kinorwei ikatia nanga, na ujumbe wa nahodha ukaja kwa Kiingereza, mrefu kidogo kuliko kawaida: tunaye abiria mmoja kipofu kutoka Mombasa, hakuna anayemtaka, tafadhali mchukueni. Mista Harding akausoma, akamtarjumia Sheikh Hamed kwa Kiarabu chake cha jeshini. Mimi nilipoingia afisini Sheikh Hamed alikuwa kesha kusema la haula mara nyingi, na macho yake yamelowa. Kipofu, kaachwa baharini na makafiri, hana wa kumshika mkono. Akatoka mbio kwenda kumsemea kwa wakubwa, akarudi na rukhsa, kwa dhamana yake mwenyewe, sharafu yake juu ya mtu asiyepata kumuona.

Nikaupokea ule ujumbe nikausoma. Olav alinifundisha neno hilo siku tulipomkuta paka asiye wetu ndani ya unga. Blindpassasjer. Ukilifasiri kipande kwa kipande unapata abiria kipofu, na ndivyo nahodha alivyofanya, maskini ya Mungu. Lakini maana yake si kipofu. Ni mtu alopanda meli kwa kujificha, hana tikti, hana rukhsa. Mtu kama huyo Muttrah hashuki. Anabaki melini, anarudi Mombasa, anakabidhiwa askari, na askari wanamrejesha Unguja.

Mngenambia nini nyinyi, na miiko yenu ya kazi ilotiwa fremu? Nilikunja karatasi nikapanda mashua pamoja na Sheikh Hamed. Kwa bahati Sheikh alikuwa mzito, na ngazi za meli za kamba hakuzipenda. Nikatangulia juu. Nikamkuta kijana kakaa juu ya fundo la kamba, anakula mkate na jamu, anaitizama milima ya Muttrah kwa macho yake mawili mazima.

"Mtu wa wapi?" nikamuuliza.

"Vikokotoni, Unguja."

"Basi nisikilize. Kuna sheikh anapanda ngazi. Wewe huoni."

"Sioni nini?"

"Huoni chochote. Wewe kipofu."

"Tangu lini?"

"Tangu nahodha alipoandika Kiingereza."

Hakuuliza tena. Baadaye alinieleza kwamba kaka yake mkubwa alichukuliwa nyumbani asubuhi moja, akaondoka na kikombe cha chai hajakimaliza, na mpaka leo hakuna aliyesema yuko wapi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia afunge macho anafunga. Sheikh Hamed alipotia kichwa juu ya ubao wa meli, alimkuta Masoud kafumba, mkate mkononi, anapapasa hewa. Papaso lenyewe lilikuwa baya sana, kama mtu anayefukuza nyuki. Sheikh Hamed akalia wazi wazi. Akamshika mkono akamteremsha mwenyewe.

Tulidhani itakuwa siku chache, mpaka ipatikane rukhsa ya kweli. Rukhsa ya kweli haikupatikana, na Masoud akabaki kipofu miaka. Jaribuni nyinyi mpaka adhuhuri tu. Miwani myeusi ingemsaidia, lakini kwa amri za Sultani wa zama zile miwani myeusi njiani ilikuwa haitakiwi, kwa hiyo ilimbidi afumbe kweli kweli, juani, kivulini, mbele ya sahani ya wali. Milango ya mji ikishafungwa, anayetembea lazima abebe fanari, na mlinzi mmoja, mtu wa sharia, akamkatalia kupita mpaka na yeye abebe. Kwa hiyo mji wetu ulikuwa na kipofu anayetembea na taa mkononi, na hakuna aliyeona ajabu ila mimi. Watoto walimjaribu kwa mawe. Akikwepa, nawaambia vipofu wana masikio makali.

Kazi tulimpatia pale pale afisini. Unguja alikuwa mpiga taipu serikalini, aliyesomeshwa kupiga bila ya kutizama vidole, na jambo hilo lilimjaza Mista Harding furaha. Kipofu anayepiga taipu! Kila mgeni alopita Muttrah aliletwa kumuona. Mimi namsomea, yeye anapiga, uso juu, macho kafumba, na akikosea herufi anaisikia kwa mlio lakini hathubutu kuisahihisha mpaka wageni watoke. Mara moja aliandika kuingia kwa shehena ya "smenti" mstari mzima, na jasho linamtoka, kwa sababu mke wa balozi wa sijui wapi alikuwa kasimama nyuma yake anasifu. Na kila Ijumaa Sheikh Hamed alikuja kumchukua msikitini, kwa mkono, akimueleza njiani hiki na kile, jua limekaa vipi, nani kajenga nini. Masoud alikuwa akinambia kwamba kati ya yote, hilo ndilo lililomchoma. Mtu yule alimpenda. Na tulijua sote wawili kwamba siku atakayojua, atalia, khalafu atamtia katika meli ya mwanzo, kama alivyomfanya mpwa wake.

Mafuta yalipoanza kutoka, 1967, meli za Kinorwei zikazidi, na kila moja ilikuja na mtu anayejua neno lile. Siku moja kaingia afisini ofisa mmoja mwenye ndevu, hana Kiingereza hata cha kuombea maji. Sheikh Hamed yupo. Kwa kutaka kumkirimu mgeni akamuonesha Masoud, akaniagiza nimwambie kwamba huyu aliletwa na meli ya kwao, kipofu. Kabla sijafungua mdomo Mista Harding kadakia, kwa Kiingereza na kwa fakhari: blind passenger. Yule Mnorwei akamtizama Masoud, akatizama taipu, akapasuka kicheko mpaka akashika meza. "Blindpassasjer!" akasema, khalafu akaeleza, kwa Kinorwei kirefu, maana yake khasa ni nini.

Wote wakanigeukia mimi. Mfasiri, kasemaje?

"Anasema," nikajibu, "kwamba kwao mtu akiona maajabu ya Mungu hucheka. Na anamuombea shifaa."

"Amin," akasema Sheikh Hamed. Masoud naye akasema Amin, na nadhani hakuna aliyeitikia siku ile kwa moyo zaidi yake. Vijana wangu, mkiulizwa kwenye mitihani uaminifu wa tafsiri ni nini, msitoe mfano huu. Nakuelezeni tu kwamba mtu alibaki pale alipo, na chai ikaletwa.

Mwanzo wa mwaka 1970 likaja lililotushinda. Masoud alikuwa na mama, Bi Zuwena, alobaki Unguja peke yake. Barua hakuweza kumuandikia kweli, maana hujui bahasha inafunguliwa na nani. Mama alijua kitu kimoja tu, kwamba mwanawe yu hai Muttrah. Binti yake alikuwa kaolewa Dubai, na sasa mama naye kapata njia ya kutoka, kazungukia Mombasa na Bombay, yumo katika meli ya abiria inayokwenda Dubai, na meli ile itatia nanga kwetu mchana mmoja kushusha mizigo. Kushuka hana rukhsa. Khabari ilipokuja, Masoud aliisoma kwa macho yake chooni, akatoka. Akanambia: nitakwenda kama mpakuzi wa tishari, nitajifunika kilemba, nimuone mara moja.

Labda ingewezekana, lau Sheikh Hamed angekuwa mtu mbaya. Lakini alipoona jina katika orodha ya abiria, mama wa kipofu wake, akaja mbio afisini na uso unang'ara. Yeye mwenyewe atampeleka. Yeye mwenyewe atamshika mkono ampandishe. Mama na mwana, baada ya miaka, vipi asimpeleke? Masoud alikaa mbele ya taipu yake, akasema ahsante. Angesema nini chengine?

Tukaenda watatu. Ngazi ile ya meli ilikuwa ya mbao, afadhali, tukapanda, Sheikh mbele kamshika Masoud, mimi nyuma. Sitahani ilikuwa imejaa watu na mizigo na watoto wanaolia kwa joto. Bi Zuwena alikuwa kasimama karibu na ubao, keshatuona tangu tupo katika mashua. Alimuona mwanawe anapapasa ngazi. Alimuona anaelekezwa pa kuweka mguu. Tulipomfikia hakusema salamu.

"Wamekufanya nini?" akamuuliza. "Masoud, mwanangu, nani alokutoa macho?"

Na Sheikh Hamed kasimama pale pale, kamshika mkono, na Kiswahili anakisikia. Mimi miaka yote nilikuwa nikijiona hodari wa lugha. Nilitafuta neno, Kiarabu, Kiingereza, Kinorwei, Kiswahili, sikupata hata moja ambalo mama ataelewa na Sheikh hataelewa. Bi Zuwena akaanza kuyumba. Nilidhani ataanguka.

Masoud akanyanyua uso, kafumba, akasema kwa sauti ya chini: "Mama. Nanao, mama."

Nyinyi mlozaliwa huku labda bibi zenu hawakukufunzeni kinyume. Ni mchezo wa Unguja, wa skuli na wa wanawake uani, wakitaka mtoto au mume asielewe. Unachukua silabi ya mwisho unaitia mwanzo. Naona, ukaipindua, ni nanao. Mama ukiipindua inabaki mama. Mfanyabiashara wa karafuu hafunzwi hiyo sokoni.

Bi Zuwena akaacha kuyumba. Akamtizama. Na Masoud, miaka yote hiyo ya mawe na wageni na mabalozi, hajawahi kukosea, pale kope zikaanza kumcheza. Mimi nimeziona. Zinafunguka. Nani angeweza kuzizuia, mama yake kasimama hatua moja mbele yake, sauti anaisikia, harufu ya udi wake anaisikia? Sheikh Hamed alikuwa anamgeukia.

Mama akawahi. Akambandika kiganja juu ya macho yote mawili, akamvuta kichwa kifuani mwake, akamnong'oneza: "Mbafu. Mbafu, ngumwana."

Fumba. Fumba, mwanangu.

Khalafu akaangua kilio, kikubwa, cha msibani, maskini mwanangu kipofu, mpaka abiria wakasogea na Sheikh Hamed akageuza uso kwa haya, akajifuta kwa ncha ya kilemba chake. Kiganja hakukiondoa. Alikaa nacho hivyo muda wote tulopewa, analia kwa ajili ya Sheikh na anamnong'oneza mwanawe mambo yao. Honi ilipopigwa, alimgeuza yeye mwenyewe mabegani, akamuelekeza ngazini, uso wake Masoud kuelekea baharini. Katika mashua Sheikh Hamed akaniuliza yale maneno ya mama yalikuwa nini, hakuyafahamu. Nikamwambia ni dua ya kina mama wa Unguja.

Yaliyofuata mnayajua, mmesomeshwa skuli. Mwaka ule ule, mwezi wa saba, akatawala Sultani mpya, mambo ya nchi yakageuka, milango ikaachwa wazi, na wenzetu walo nje wakaambiwa warudi haraka, nchi inatutaka. Tuliokuwa hatutakiwi mwezi wa sita tukawa tunatafutwa mwezi wa nane, na nyinyi mnafaidi kiyoyozi. Masoud alimwendea Sheikh Hamed nyumbani kwake, na mimi pamoja naye, akafumbua macho mbele yake, akamueleza yote. Sheikh Hamed akayatizama yale macho. Akasema Alhamdulillahi. Khalafu akanigeukia mimi, akaniuliza kama Kinorwei kina maneno mengine ya namna ile, ili ajitayarishe.

Masoud akaomba pasi ya kwendea Dubai. Siku alopewa ndiyo siku ilofika khabari kutoka kwa shemeji yake. Bi Zuwena hakuuweza ule msimu wa joto. Walikuwa wameshamzika.

Alikuja afisini, hakukaa kwenye taipu. Alivuta kiti akakaa mbele ya meza yangu, macho kayafungua yote.

"Wewe ulimuona," akasema. "Nambie alivyokuwa."

Nikamwambia. Nikamwambia alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania. Kanga yake ilikuwa ya urujuani na nyeupe, imepauka begani. Jino moja la mbele halipo. Nywele zilizochomoza juu ya paji la uso zilikuwa nyeupe, na hina kwenye ncha zake. Mkono wa kulia ulikuwa machoni mwako, na wa kushoto alishika ubao wa meli, kwa sababu miguu ilikuwa inamtetemeka, hakutaka ujue.

"Na macho?" akauliza.

"Yalikuwa juu yako tu," nikamwambia. "Mpaka mashua yetu ilipofika ufukweni, alikuwa bado anakutizama."